Kasha la Factory Records: nambari kumi za mwanzo, zikiwa mkononi

Kitu cha kwanza nilichokitoa ndani ya kasha hili kilikuwa bango la rangi ya njano na nyeusi, na kabla sijagusa hata santuri moja nilikuwa nimekwisha kukaa sakafuni kwa muda mrefu, nikilisoma kama mtu asomaye hati ya kiwanja. Kasha lenyewe linaitwa Use Hearing Protection: Factory Records 1978–79, lilitolewa mwaka 2019 na kampuni ya Rhino, na ndani yake mna nakala za vitu kumi vya mwanzo vilivyopewa nambari na Factory Records, lebo ya muziki ya mjini Manchester, Uingereza. Nasema vitu, wala sisemi santuri, kwa makusudi kabisa, kwa sababu kati ya hivyo kumi santuri ni nne tu. Vilivyobaki ni mabango matatu, karatasi za barua, filamu, na michoro ya chombo ambacho hakikupata kutengenezwa.

Msomaji asiyeijua lebo hii atauliza kwa nini kampuni ya muziki iyape mabango na karatasi za barua nambari ileile inayostahili wimbo. Jibu la swali hilo ndilo linalolipa kasha hili thamani yake. Lebo nyingine zilikuwa na nambari za katalogi ili karani wa ghala ajue rafu gani ina mzigo gani. Factory iliichukua hesabu hiyo ya ghala ikaifanya kuwa tamko: kila kilichotokana na kazi yao kilikuwa kazi, kiwe kinasikika, kinaonekana au kinakanyagwa. Baadaye mtindo huo ulifika mbali sana. Klabu yao ya usiku ilipewa nambari 51, kesi ambayo prodyuza wao Martin Hannett aliwafungulia ikapewa 61, matibabu ya meno ya mshirika wao Rob Gretton yakapewa 99, paka aliyeishi klabuni akapewa 191, na Tony Wilson, mwanzilishi mwenza, alipofariki Agosti 2007 jeneza lake likapewa 501. Wapo wanaoyasoma hayo kama mzaha wa vijana. Mimi nayasoma kama uaminifu kwa wazo moja lililoshikwa kwa karibu miaka thelathini, na wazo hilo linaonekana likiwa bado changa ndani ya kasha hili.

Wilson alikuwa mtangazaji wa televisheni ya Granada, uso unaojulikana na kila nyumba ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Rafiki yake Alan Erasmus alikuwa mwigizaji. Mwezi Mei 1978 wawili hao walianza kuandaa usiku wa muziki katika ukumbi wa Russell Club, mtaa wa Hulme, wakauita usiku huo The Factory. Hulme ya wakati ule ilikuwa mtaa wa majengo marefu ya zege yaliyojengwa miaka michache tu nyuma na yaliyokuwa yamekwisha kuanza kuchakaa, na ukumbi ulikuwa wa kawaida mno. Muziki wa panki ulikuwa umekwisha kufungua mlango. Vijana waliokuwa wameingia kwa mlango huo sasa walitaka muziki wenye nafasi zaidi, wenye giza na majaribio zaidi, lakini hawakuwa na pa kuupigia. Bango la FAC 1, yaani nambari ya kwanza ya Factory, lilitengenezwa kuutangaza usiku huo.

Aliyelichora ni Peter Saville, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa michoro katika Manchester Polytechnic. Maneno makubwa ya onyo juu ya kinga ya masikio na ile alama ya kichwa kilichovishwa vizibo vya sauti aliyachukua kwenye ilani ya usalama iliyokuwa kwenye mlango wa karakana chuoni. Herufi zimepangwa kwa nidhamu ya wasanifu wa herufi wa Ulaya wa miaka ya 1920 na 1930, hasa Jan Tschichold, ambaye Saville alikuwa amezama katika kazi zake. Tatizo ni kwamba bango lilichelewa kutoka, likafika wakati ambapo halingeweza tena kufanya kazi liliyoagiziwa. Kwa mwenye kampuni yeyote mwingine huo ungekuwa uzembe wa kulaumiwa. Wilson aliona uzuri wake akalipa nambari ya kwanza, na hapo ndipo msingi ulipowekwa: kwamba kitu kinaweza kushindwa kazi yake na bado kikastahili kuhifadhiwa.

Nina sababu yangu ya kulikazia macho bango hili. Miaka kadhaa iliyopita niliuziwa na mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kumbukumbu bango alilonihakikishia kuwa ni la asili, la mwaka 1978, nikalipa kwa mkupuo fedha nilizokuwa nimeziweka akiba muda mrefu. Lilipofika nililitazama kwa kioo cha kukuza. Bango la asili lilichapishwa kwa silkiskrini, ambapo wino hupitishwa kwenye kitambaa kilichowambwa ukatua juu ya karatasi kama tabaka moja zito, na ukingo wa kila herufi huwa mkali. Langu, chini ya kioo, lilikuwa limejaa nukta ndogondogo za rangi zilizotawanyika kama chembe za vumbi, dalili ya mashine ya kisasa. Njano yake haikuwa njano moja. Ilikuwa mchanganyiko wa nukta. Muuzaji hakujibu tena barua zangu. Tangu siku hiyo nimejifunza kuliheshimu zaidi bango linalosema waziwazi kuwa ni nakala kuliko lile linalodai ukale lisio nao, na kasha hili halidai kitu kama hicho. Linakupa sura, mpangilio na uwiano wa kitu cha asili, kisha linakuachia wewe uamue utakifanyia nini.

FAC 2, inayoitwa A Factory Sample, ndiyo iliyoifanya Factory kuwa lebo na si usiku wa muziki tu. Wilson alitumia fedha alizorithishwa na mama yake kugharimia santuri mbili ndogo zenye wasanii wanne: Joy Division, The Durutti Column, Cabaret Voltaire waliotoka Sheffield, na mchekeshaji John Dowie. Zilichapishwa nakala 5,000, zikaingia madukani mwanzoni mwa mwaka 1979. Jalada lake ni karatasi nyembamba ya rangi ya fedha, iliyokunjwa na kufungiwa ndani ya plastiki iliyobanwa kwa moto. Kazi ya kuyakunja na kuyafunga majalada ilikuwa ya mikono, na waliokaa kuifanya walikuwa wenyewe pamoja na marafiki, katika ghorofa alimoishi Erasmus kwenye nyumba nambari 86 ya barabara ya Palatine, ambayo ndiyo iliyokuwa ofisi ya lebo.

Kuishika FAC 2 kunafundisha jambo ambalo kuisikiliza kwenye simu hakufundishi. Unapoyatenganisha makunjo ya karatasi ile nyepesi unalazimika kupunguza kasi ya vidole, maana inatishia kuchanika. Ndipo unapoelewa kwamba watu hawa walikuwa wanataka msikilizaji aingie kwenye muziki kwa adabu fulani, kama aingiaye nyumba ya watu. Kisha sindano inatua, na nyimbo mbili za Joy Division zinatoka zikiwa za kasi na za kikatili kuliko karatasi ilivyokuandaa. Hizo zilirekodiwa Oktoba 1978 katika studio ya Cargo mjini Rochdale, Hannett akiwa prodyuza, na ngoma zimekwisha kuanza kusikika kana kwamba kila moja iko chumba chake. Upande wa Dowie, nakiri, huwa siupigi mara nyingi. Vichekesho vya wakati ule havijasafiri vizuri kama gitaa la Vini Reilly wa The Durutti Column lilivyosafiri.

Mabango mengine mawili, FAC 3 na FAC 4, yanafuata njia iliyofunguliwa na la kwanza, nami sina mengi ya kusema juu yake. FAC 5 ni santuri ndogo ya A Certain Ratio, All Night Party, ya mwaka 1979, ambayo ina kiu na ukavu wa bendi isiyokuwa bado na mpiga ngoma wake. Anayewajua A Certain Ratio kwa midundo yao ya fanki ya baadaye atashangaa kuwasikia wakiwa mifupa mitupu namna hii.

FAC 6 inanipendeza kuliko ninavyoweza kueleza kwa sentensi moja. Ni Electricity ya Orchestral Manoeuvres in the Dark, vijana wawili kutoka Wirral, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, waliokuwa wakipiga vinanda vya umeme vya bei nafuu wakiwa na mapenzi makubwa na kundi la Kraftwerk la Ujerumani. Ilitoka Mei 1979. Saville aliichapisha kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeusi. Ukiiweka mezani mchana unaona mraba mweusi tu, kama kibao kisichoandikwa kitu. Niliipeleka usiku chini ya taa ya kusomea, nikaiinamisha kidogo kidogo, na mahali fulani katika mwinamo huo mchoro ukajitokeza, ukang'aa kwa muda wa pumzi moja, kisha ukapotea nilipotikisa mkono. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyousikiliza wimbo wenyewe, na wimbo wenyewe nimeusikiliza sana. Hebu fikiri muuza duka wa mwaka 1979 akitafuta jina la bendi juu ya jalada lile katikati ya wateja. Lebo iliyokuwa inataka kuuza kwa haraka isingefanya hivyo, na bado bendi hiyo haikudhurika: muda mfupi baadaye ilichukuliwa na kampuni kubwa zaidi, wimbo ukatolewa upya, na Factory ikawaachia waende, kwa kuwa haikuwa na desturi ya kuwafunga wasanii kwa mikataba.

Kuhusu FAC 8 nina shaka. Hicho ni chombo cha kufuatilia siku za hedhi kilichobuniwa na msanii Linder Sterling, ambacho hakikutengenezwa. Kilichokuwapo ni wazo na michoro. Ni jambo la heshima kubwa kwamba lebo ya wanaume peke yao ilikubali mwaka 1979 kuupa mwili wa mwanamke na hesabu zake nafasi sawa na santuri, na Linder ni msanii ambaye jina lake lingepaswa kutajwa mapema katika kila masimulizi ya muziki wa Manchester. Ila ndani ya kasha la nakala, nakala ya kitu ambacho hakikuwapo inabaki kuwa karatasi ya kutazamwa mara moja. Ningependa waliolitengeneza kasha wangethubutu kukitengeneza chombo chenyewe hatimaye, baada ya miaka arobaini, badala ya kukiacha kikiwa ndoto ya kwenye karatasi.

Filamu, FAC 9, imewekwa kwenye DVD. Kazi hii ilipigwa kwa kamera ndogo za filamu na ilionyeshwa London mwaka 1979, na thamani yake kwangu ni barabara na majengo: unaiona Manchester iliyokuwa ikipoteza viwanda vyake, viwanja vilivyobomolewa, mvua na kuta nyeusi za masizi. Muziki wa FACT 10, santuri ndefu ya Joy Division (santuri ndefu zilipewa FACT badala ya FAC), unaeleweka vizuri zaidi ukiwa umetoka kuitazama.

Na sasa FACT 10. Unknown Pleasures ya Joy Division ilitoka tarehe 15 Juni 1979, ikiwa imerekodiwa mwezi Aprili mwaka huohuo katika studio za Strawberry mjini Stockport. Picha ya jalada wengi wameiona kwenye fulana pasipo kujua ilikotoka. Ni mchoro wa mapigo ya redio ya CP 1919, nyota ya kwanza ya aina ya pulsa kugunduliwa, iliyonaswa na Jocelyn Bell Burnell mwaka 1967 alipokuwa mwanafunzi wa Cambridge. Mchoro wenyewe ulitoka katika tasnifu ya mwanafunzi wa elimu ya anga wa Marekani, Harold Craft, ukaingia kwenye ensaiklopidia ya elimu ya nyota, na Bernard Sumner, mpiga gitaa wa bendi, ndiye aliyeuokota humo. Ulikuwa mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe. Saville aliugeuza ukawa mweupe juu ya weusi, akaupunguza ukawa mdogo katikati ya jalada, na hakuandika mbele jina la bendi wala jina la santuri.

Watu wamelizungumza jalada hilo mpaka limechoka, lakini nakala kamili inarudisha kitu ambacho fulana imekiondoa, yaani ukimya unaouzunguka mchoro. Kwenye fulana mawimbi yanajaa kifua kizima. Kwenye jalada yako mbali, madogo, kama taa ya mtumbwi baharini usiku, na ukubwa wa weusi ndio unaokufanya usogeze uso. Hata pande za santuri hazikuitwa upande wa kwanza na wa pili. Ziliitwa Outside na Inside, nje na ndani, na kubadilisha santuri kwa mkono, baada ya nyimbo tano, ukijua kwamba sasa unaingia ndani, ni tendo dogo ambalo faili za muziki haziwezi kulitoa.

Hannett alifanya katika santuri hii jambo ambalo bendi yenyewe haikulipenda mwanzoni. Jukwaani walikuwa wakali na wazito. Wao walitaka ukali huo uingie kwenye santuri, na Sumner na mpiga besi Peter Hook wamesema mara nyingi baadaye kwamba walihuzunika waliposikia matokeo. Hannett alitumia mashine ya dijitali ya kuchelewesha sauti iliyokuwa mpya wakati huo, akazitenganisha ngoma za Stephen Morris kiasi kwamba kila pigo linakuja peke yake na mwangwi wake, akarekodi kelele za lifti ya studio, vioo vikivunjika, na chupa ya dawa ya kupuliza ikitumika kama ala katika She's Lost Control. Sauti ya Ian Curtis imewekwa katikati ya uwazi huo kama mtu anayeongea katika ukumbi uliokwisha kuhamwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 18 Mei 1980, Curtis alijiua akiwa na umri wa miaka 23. Mimi huwa najitahidi kuisikiliza santuri hii kama ilivyosikika kabla ya siku hiyo, kazi ya vijana wanne wenye ari na matumaini makubwa, na kuizungushia vitu tisa vya wakati wake kunasaidia sana. Ndani ya kasha inarudi kuwa nambari 10 katika mfululizo wa kazi zenye haraka na ujasiri, na si kaburi.

Pamoja na hivyo kumi kuna kitabu chenye picha, diski za mahojiano, na santuri ya The Tiller Boys, kundi la Pete Shelley wa bendi ya Buzzcocks, ambayo Factory ilikusudia kuitoa kisha ikaja kutolewa mwaka 1980 na lebo jirani ya New Hormones. Mahojiano yanafaa kwa msikilizaji anayeielewa vizuri lafudhi ya Manchester. Mwingine atalazimika kuyarudia mara mbili. Kitabu ni kizuri, ingawa nilitamani kiseme zaidi juu ya wachapishaji, wale mafundi waliopokea maagizo ya ajabu ya Saville na kuyatekeleza.

Upungufu mkubwa wa kasha ni mahali linapoishia. Kwa kuwa linasimama kwenye nambari 10, linakosa jalada la FACT 14, santuri ya kwanza ya The Durutti Column ya mwaka 1980, lililotengenezwa kwa karatasi ya msasa ili likwaruze majalada ya santuri nyingine rafuni, na ambalo baadhi ya washiriki wa Joy Division walikaa kuligundisha kwa gundi. Linakosa pia, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ukumbi wa densi.

Baada ya Curtis kufariki, wenzake watatu waliendelea kwa jina la New Order, na fedha za santuri zao pamoja na za lebo zilimwagwa kwenye The Haçienda, FAC 51, iliyofunguliwa tarehe 21 Mei 1982 katika barabara ya Whitworth Street West, ndani ya jengo lililokuwa duka la maonyesho ya mashua. Jina lilitoka kwenye maandishi ya Ivan Chtcheglov, kijana wa Paris aliyeandika mwaka 1953 kwamba hacienda, yaani jumba la shambani kwa Kihispania, ni lazima ijengwe. Kwanza Saville aliombwa kuisanifu. Akasema hiyo ni kazi ya mtu mwingine, akamtaja Ben Kelly, msanifu wa mambo ya ndani ya majengo. Na hapa ndipo bango la FAC 1 linapopata jibu lake. Nguzo za chuma zilizolishikilia jengo zilisimama palepale kwenye sakafu ya densi, mtu angeweza kujigonga, na Kelly akazipaka michirizi ya njano na nyeusi kama ile ya viwandani inayoonya juu ya hatari, akauzungushia ukingo wa sakafu vigingi na vioo vidogo vya barabarani vinavyong'aa gizani. Onyo lililokuwa la karatasi mwaka 1978 sasa lilikuwa la chuma, nalo lilikuwa onyo la kweli: jihadhari, hapa kuna nguzo.

Miaka ya kwanza ukumbi ulikuwa mkubwa, wa baridi, wenye mwangwi mbaya na watu wachache. DJ alifichwa kwanza katika kijichumba chini, kandokando ya jukwaa, na baadaye ndipo akapandishwa roshani. Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Mike Pickering na wenzake walianza kupiga muziki wa hausi kutoka Chicago na Detroit katika usiku wa Ijumaa ulioitwa Nude, na kufikia mwaka 1988 foleni ilikuwa inazunguka jengo. Umaarufu haukuleta faida. Wachezaji waliokunywa maji badala ya bia hawakulijaza sanduku la fedha, magenge yalileta bunduki mlangoni, ukumbi ukafungwa kwa muda mwanzoni mwa mwaka 1991, lebo yenyewe ikafilisika Novemba 1992, na Haçienda ikafunga milango kabisa katikati ya mwaka 1997. Jengo lilibomolewa, na mahali pake pakajengwa makazi yanayobeba jina lilelile. Kabla ya kubomolewa, vipande vyake viliuzwa kwa mnada: matofali, milango, mbao za sakafu. Baadhi ya mbao hizo Peter Hook alizifanya magitaa ya besi.

Naisimulia historia hiyo kwa kuwa soko la leo la vitu vya Factory limejaa vipande vya namna hiyo, na mnunuzi mgeni anaweza kudhani kwamba kipande cha ubao kina thamani zaidi ya nakala iliyo ndani ya kasha. Mimi sikubaliani. Kipande cha ubao kilichofungiwa ndani ya kioo kinakuambia kwamba mahali fulani palikuwapo na sasa hapapo. Nakala ya FAC 6 inakuambia jinsi mtu alivyofikiri, na inakuruhusu ukirudie kitendo chake, chini ya taa yako mwenyewe. Wakusanyaji wenzangu wengi huliacha kasha hili na plastiki yake, wakisubiri bei ipande. Siwalaumu kwa fedha zao, lakini nawasihi wakumbuke kwamba kati ya vitu kumi hivi hakuna hata kimoja kilichotengenezwa ili kifungiwe. Bango lilikuwa la kubandikwa kwa gundi ukutani, santuri ni ya kukwaruzwa na sindano, na karatasi ya barua ni ya kuandikiwa.

Kwa anayefikiria kulinunua, ushauri wangu ni huu. Kama unataka nyimbo peke yake, usilinunue. Unknown Pleasures inapatikana kirahisi kivyake, na nyimbo nyingine ziko katika mikusanyo ya Factory iliyo nafuu zaidi. Kama umewahi kusimama mbele ya jalada ukajiuliza ni nani aliyelikunja, basi lichunguze vizuri kabla ya kulipa, hasa kwa kuwa sasa linapatikana zaidi mikononi mwa watu kuliko madukani: hesabu mabango matatu, hakikisha karatasi ya fedha ya FAC 2 haijachanika kwenye makunjo, uliza kama karatasi za barua za FAC 7 zimo, kwa sababu vitu vyepesi ndivyo vinavyopotea kwanza. Langu lilifika na kona moja imebonyea kutokana na usafirishaji, lakini vya ndani vilikuwa salama.

FAC 7 ndiyo niliyoihangaikia zaidi. Kwa wiki kadhaa niliziacha karatasi zile zilivyo, safi, na jina la lebo juu yake na anwani ya barabara ya Palatine ambako hakuna tena anayesubiri barua. Jumapili iliyopita nilichukua moja, nikajaza wino kwenye kalamu, nikamwandikia rafiki aliyeniazima Unknown Pleasures mara ya kwanza, tukiwa shuleni, katika kanda iliyonakiliwa ambayo jalada lake lilikuwa kipande cha daftari alichokipaka wino mweusi chote, kisha akakwaruza mawimbi kwa ncha ya bikari. Nilimweleza kila kilichomo ndani ya kasha, kwa mpangilio, kuanzia nambari moja.